Krismasi ngapi hupita Korogwe?

*Shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba, na kazi ya kumweleza mtoto sikukuu za watu wengine huachiwa runinga. Wilaya za Handeni na Korogwe zina walimu wa karibu zaidi, ila si wote wanaokubaliana mtoto afundishwe nini.*

Wiki ya mwisho kabla ya tarehe 25 Desemba, barabara kuu ya kaskazini hailali. Mabasi ya Moshi na Arusha hupita Mkata, Kabuku na Michungwani upande wa Handeni, hukata kona Segera, kisha huingia Korogwe yakiwa yamejaa pomoni. Nyuma yake hufuata magari madogo ya familia, mizigo imefungwa juu kwa kamba. Kando ya lami kina mama wamepanga maembe na machungwa kwenye ndoo, na watoto waliofunga shule wamesimama karibu nao wakiyasoma majina ya mabasi.

Ukimuuliza mtoto wa hapo watu hao wanakwenda wapi, jibu liko tayari: Wachaga wanakwenda kwao. Ukimuuliza wanakwenda kufanya nini, hapo ndipo pagumu.

Jioni, mtoto huyo huyo akiketi mbele ya runinga atakutana na Krismasi nyingine: theluji hadi magotini, moto wa kuni ndani ya nyumba, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe na gari linalovutwa na wanyama wenye pembe. Nje ya nyumba yao joto halijapungua hata baada ya magharibi, na mti ambao Watanzania wengi huuita mkrismasi umejaa maua mekundu. Lakini mpe kalamu za rangi umwambie achore Krismasi, na usishangae akichora theluji.

Huo ndio mzizi wa suala linalowagusa wazazi, walimu wa Shule ya Jumapili, walimu wa madrasa na walimu wa shule za msingi wa wilaya hizi mbili za mkoa wa Tanga. Mtoto ana haki ya kujua wengine wanasherehekeaje. Swali ni nani amfundishe, kwa kiasi gani, na lini.

Sikukuu iliyokuja kwa njia nyingi

Krismasi haikufika hapa kwa mlango mmoja. Waanglikana waliitoa Unguja, ambako jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa. Wamisionari hao, wa shirika la UMCA, walikuwa wameshapanda hadi Magila, kwenye nchi ya Wabondei, na baadaye wakaingia Korogwe na nchi ya Wazigua hadi Kwa Mkono, Handeni. Ibada yao ilipenda ubani, mishumaa na misa ya usiku. Mpaka leo kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote liko Korogwe.

Walutheri walikuja na Krismasi ya Kijerumani. Wamisionari wa Betheli walianza kazi Mlalo, milimani Usambara, mwaka 1891, na pamoja nao zilikuja desturi za mti wa kijani na za kuhesabu Jumapili nne za Majilio, kipindi cha kuingojea Krismasi.

Kisha ikaja kazi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa kwanza karibu na Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakaenea, na manamba, yaani vibarua wa mashamba hayo, wakaletwa kutoka Unyamwezi, Uha, Ubena, Burundi na ng'ambo ya Mto Ruvuma. Kambi moja ya mkonge ilikuwa na makabila ambayo hayakuwahi kuonana. Kila kundi lilikuwa na ngoma yake, chakula chake na namna yake ya kupumzika siku ambayo kengele ya kazi haikupigwa.

Na kazi hiyo yote ilifanyika katikati ya watu ambao wengi wao walikuwa, na bado ni, Waislamu. Mtoto wa Kikristo wa Handeni amekua akijua Idi kwa sahani ya pilau iliyovuka ua, na mwenzake wa Kiislamu ameijua Krismasi kwa njia hiyo hiyo.

> *Kambi moja ya mkonge ilikuwa na makabila ambayo hayakuwahi kuonana.*

Somo linalopita barabarani

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kufundisha mila tofauti za Krismasi hana haja ya kuanzia Ulaya. Aanze na mabasi.

Mchaga anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi mwezi Desemba hafuati ibada peke yake. Anarudi kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo ambako wazee wake wamezikwa. Ndugu waliotawanyika hukutana, mbuzi huchinjwa, mbege ya ndizi na ulezi hunywewa, na vikao vya ukoo hukaa kumaliza ugomvi wa mwaka mzima. Anayeomba radhi anaweza kutanguliza jani la isale, na kulikataa ni jambo zito. Watoto waliozaliwa mjini hutambulishwa kwa babu, shangazi na mipaka ya shamba. Mnamo Desemba 2019, treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporejea baada ya zaidi ya miaka 20, ilirejea katika msimu huo huo wa safari, na njia yake inapita Korogwe.

Hapo mtoto wa Korogwe anapata masomo matatu kwa mpigo: jiografia ya barabara na reli, historia ya ukoo, na desturi ya kusameheana. Hajaambiwa aifuate. Ameambiwa kwa nini basi limejaa.

Handeni nayo ina mifano yake. Tangu Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, kwa mpango ambao umezua mjadala mkubwa ndani na nje ya nchi. Miongoni mwao wamo Wakristo waliozoea baridi ya nyanda za juu na sikukuu ya katikati ya mifugo. Chogo, wilaya hiyo hiyo, wanaishi Wazigua waliorudi kutoka Somalia: wazee wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19, na wajukuu wakakimbia vita wakiwa bado wanasema Kizigua. Hao ni Waislamu. Watoto wa wilaya moja, basi, wanaijia tarehe 25 Desemba kila mmoja kutoka njia yake.

Barafu, giza na mianzi

Baada ya jirani, ramani. Korogwe iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Mwezi Desemba jua liko karibu na utosi, na mchana na usiku hutofautiana kidogo sana. Mwaka wenyewe umefika kwenye mvua za vuli na maembe. Stockholm, Sweden, jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mtoto akishaujua ukweli huo, mishumaa ya Sweden inaanza kueleweka: tarehe 13 Desemba, Siku ya Mtakatifu Lusia, wasichana huvaa nguo nyeupe na mmoja huvikwa taji la mishumaa, katika majuma yenye giza kuliko yote ya mwaka. Theluji ya kwenye runinga nayo inapata maelezo. Ni hali ya hewa ya mahali fulani, na haikuwahi kuwa sehemu ya habari ya Bethlehemu.

Ujerumani ina simulizi inayowafaa watoto wa umri wowote. Mwaka 1839, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini mjini Hamburg. Walipomsumbua kila siku kwa swali la lini Krismasi itafika, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipangia mishumaa midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili. Kila siku waliwasha mmoja. Shada la Majilio linaloonekana leo katika makanisa ya Kilutheri limetokana na gurudumu hilo, na mwalimu wa hesabu anaweza kulitumia bila kugusa mahubiri.

Ufilipino, nchi ya joto kama hapa, ina mfano ambao mikono ya mtoto wa Usambara inaweza kuuiga kesho. Huko waumini huamka alfajiri kwa misa tisa mfululizo, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, saa ambayo tangu zamani iliwafaa wakulima kabla hawajaenda shambani. Madirishani hutundikwa parol, taa ya umbo la nyota ambayo kiasili hutengenezwa kwa fito za mianzi na karatasi za rangi. Mianzi ipo. Karatasi za rangi zinauzwa kwenye duka la vifaa vya shule.

Meksiko, siku hizo hizo tisa, familia hutembea kutoka nyumba hadi nyumba zikiigiza Mariamu na Yusufu wakitafuta mahali pa kulala. Hubisha hodi, hukataliwa, huendelea, hadi mlango wa mwisho unapofunguliwa. Kwa mtoto wa nchi ambako kubisha hodi ni adabu ya kwanza anayofundishwa, igizo hilo halihitaji maelezo marefu.

> *Theluji ya kwenye runinga ni hali ya hewa ya mahali fulani, na haikuwahi kuwa sehemu ya habari ya Bethlehemu.*

Nani huleta zawadi?

Swali hili watoto hulipenda, na majibu yake hayafanani. Hispania ni Wafalme Watatu, usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari. Italia, usiku huo huo, ni kikongwe aitwaye Befana anayepanda ufagio. Uholanzi ni Mtakatifu Nikolasi, jioni ya tarehe 5 Desemba, na watoto humwekea viatu.

Nikolasi alikuwa askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Uturuki, karne ya 4. Wahamiaji wa Kiholanzi walimvusha hadi Amerika, mchoraji Thomas Nast akamchora upya katika magazeti ya Marekani kuanzia miaka ya 1860, na matangazo ya Coca-Cola ya mwaka 1931 na baada yake yakaieneza duniani sura ya mzee mcheshi wa joho jekundu. Huyo ndiye Baba Krismasi anayetundikwa kwenye maduka ya Korogwe na ya Chanika, Handeni. Mapambo yanayomzunguka, kama mengi ya duniani, hutoka viwanda vya Yiwu, mashariki mwa China.

Mtoto anayejua safari hiyo anamtazama Baba Krismasi kwa jicho lingine. Na kuna sehemu ya safari hiyo ambayo mtoto wa Kiafrika hastahili kufichwa. Huko Uholanzi, Nikolasi kwa miaka mingi aliandamana na msaidizi aitwaye Zwarte Piet, aliyeigizwa na Wazungu waliojipaka uso rangi nyeusi, wakiwa na midomo mikubwa myekundu na nywele za kipilipili. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi iliitaka Uholanzi ichukue hatua kuondoa taswira hiyo, na miji mingi imekwishaibadili. Wapo watakaosema jambo hilo ni zito mno kwa darasa la tatu. Lakini wa darasa la sita analiweza, na anajifunza kwamba mila hujadiliwa na kurekebishwa na wenye mila wenyewe.

Hofu zina pande zaidi ya mbili

Ndani ya makanisa hofu kubwa ni kwamba wingi wa mila utamfunika mtoto aliye horini. Kwa walimu wengi wa Shule ya Jumapili muda ni mfupi: Jumapili nne za Majilio, na igizo la kuzaliwa Kristo linataka mazoezi. Wanauliza kwa nini saa hizo zitumike kuzungumzia ufagio wa Befana. Wanaowajibu hukumbusha kwamba hata hori lenyewe la kupanga sanamu lina historia. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza hori lenye wanyama hai kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223, ili wanakijiji waone kwa macho yao habari waliyozoea kuisikia. Wachongaji wa Kimakonde wamelichonga hori hilo hilo kwa mpingo, Mariamu na Yusufu wakiwa na sura za huku.

Wazazi wa Kiislamu wana hofu tofauti. Nabii Isa si mgeni kwa mtoto wa madrasa. Sura ya 19 ya Qurani imepewa jina la Maryam, na inasimulia uchungu wa uzazi ulivyompeleka kwenye shina la mtende. Wasilolikubali ni mtoto wao kufundishwa kwamba Isa ni Mwana wa Mungu, au kuvishwa mabawa ya malaika kwenye igizo ambalo hawakuarifiwa. Malalamiko ya namna hiyo huibuka zaidi penye shule binafsi zinazopokea watoto wa dini zote na kumalizia mwaka kwa nyimbo za Krismasi.

Kundi la tatu husahaulika. Si kila Mkristo husherehekea. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi Krismasi kabisa, na miongoni mwa Wasabato, ambao kanisa lao liliota mizizi katika milima ya jirani ya Upare tangu mwaka 1903, wapo wanaoiacha tarehe 25 ipite kama siku nyingine. Darasa lenye watoto 60 linaweza kuwa na misimamo yote hiyo kwenye madawati mawili.

Na wapo wazazi ambao tatizo lao halina dini. Ni mfuko. Kila mila mpya anayojifunza mtoto inaweza kuja nyumbani kama ombi jipya: mti, taa, soksi ya zawadi. Sikukuu ya hapa imekwisha kuwa na bajeti yake, yaani nguo mpya, kuku, mchele wa pilau, soda, nauli, na pengine kiingilio cha disko toto. Wiki chache baadaye Januari inadai madaftari, sare na viatu.

Mpaka uko wapi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, inamwachia kila mtu uhuru wa imani, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 29 kwamba elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake na utamaduni wake, na pia kwa staarabu zilizo tofauti na zake. Ukizisoma pamoja, ibara hizo mbili zinachora mpaka unaofanya kazi darasani.

Kueleza kwamba Waethiopia hufunga siku 43 bila nyama, maziwa wala mayai kabla ya Krismasi yao ni elimu. Kuwaamuru watoto wote wafunge, au wote wakariri sala, ni ibada, na mahali pake ni kanisani au kwenye kipindi cha dini ambacho kila imani hukaa na mwalimu wake. Kutengeneza nyota ya mianzi kunaweza kuangukia upande wowote kati ya hizo mbili, kutegemea mwalimu amesema nini na mzazi ameambiwa nini mapema.

Ndiyo maana ujumbe mfupi kwa wazazi, ukitumwa wiki moja kabla, una uzito kuliko somo lenyewe. Useme kitakachoelezwa, kitakachotengenezwa, na kwamba mtoto ambaye mzazi wake hataki ataachwa afanye kazi nyingine bila kunyooshewa kidole. Busara inataka pia zamu zizunguke: shule iliyoeleza Krismasi za dunia mwezi Novemba ieleze mila za Kiislamu za dunia misimu yake ikifika, kuanzia maulidi ya Lamu hadi futari ya Kairo.

> *Ujumbe mfupi kwa wazazi, ukitumwa wiki moja kabla, una uzito kuliko somo lenyewe.*

Kalenda haisubiri

Kikwazo cha mwisho ni cha ratiba. Mwaka wa masomo Tanzania humalizika mwanzoni mwa Desemba. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, siku ambazo walimu wamezama kwenye mitihani na ripoti. Mshumaa wa kwanza unapowashwa kanisani, darasa linafagiliwa lifungwe.

Kwa hiyo mzigo huangukia nyumbani, na nyumbani wakati huo kuna mtu ambaye shule haina: babu au bibi aliyeyaona makambi ya mkonge, au mjomba aliyeshuka kwenye basi jana. Mwalimu anayefunga shule anaweza kuwapa watoto kazi moja ya likizo isiyogharimu senti. Waulize wazee watatu, mmoja awe wa kabila au dini nyingine, walikula nini, walivaa nini na walilala wapi Krismasi au Idi walipokuwa na umri wa darasa la nne. Majibu yaandikwe kwenye daftari lililobaki kurasa.

Shule hufunguliwa tena Januari, mara nyingi katika wiki ya pili. Mwalimu aliyepitwa na Desemba bado ana Krismasi moja mkononi. Waorthodoksi wa Ethiopia na Wakopti wa Misri huadhimisha tarehe 7 Januari, kwa kuwa kalenda za makanisa yao hazikufuata marekebisho ya Papa Gregori ya mwaka 1582. Ethiopia siku hiyo huitwa Genna, na vijana hucheza mchezo wa jina hilo hilo, wa fimbo zilizopinda na mpira wa mti, wakisimulia kwamba wachungaji wa Bethlehemu waliucheza kwa furaha walipopata habari. Watoto wanaofungua madaftari yao ya likizo juma hilo wanaweza kuanza na mchezo huo kwenye kiwanja cha shule, kisha wakaingia darasani kuulizana kwa nini Krismasi ya Wakopti huangukia tarehe 7 Januari kwenye kalenda ya Korogwe.